Kifuko kinachotema maji: ukodata wake uko wapi?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Nafundisha Baiolojia kidato cha tano na cha sita hapa Tanga. Juzi niliwapeleka wanafunzi pwani wakati mafundi wakisugua mashua iliyopandishwa mchangani. Kwenye mkuku tulikuta vifuko laini kama ngozi iliyolowa, ukivibinya vinatema maji kwa matundu mawili. Niliwaambia kuwa hao ni tunikata, na wamo katika faila (kundi kubwa) ya kodata pamoja na samaki, ndege na sisi wenyewe. Kijana mmoja akachana kimoja kwa wembe kutafuta notokodi, ile fimbo ya kuimarisha mwili inayopita mgongoni, asiione. Akaniuliza: "Mwalimu, kama hana notokodi, hana mkia na hana kichwa, ukodata wake uko wapi?" Nilimjibu, lakini mwenyewe sikuridhika. Tena vitabu vyetu vinapingana: kimoja kinasema jamaa wa karibu zaidi wa wanyama wenye uti wa mgongo ni amfioksasi, yule mnyama mwembamba wa mchangani, kingine kinasema ni tunikata. Nifundishe lipi? Na Hemikodata, wale wanyama wa baharini mfano wa minyoo waliokuwa wakihesabiwa kuwa kodata, bado wamo?

JIBU: Mwalimu, mpe kijana huyo hongera kwa niaba yangu. Amechana, ametafuta, hakuona, na amesema kwamba hakuona. Wataalamu wa zamani waliochana wanyama hawahawa waliishia palepale alipoishia yeye. Mnyama hana mfupa, hana kichwa, amejifunika gamba laini na ameganda mahali pamoja, basi wakamweka karibu na chaza na kombe. Lamarck ndiye aliyewapa jina la tunikata mwaka 1816, kutokana na neno la Kilatini la vazi linalokaribiana na kanzu yetu. Miaka 50 baadaye, mwaka 1866, Mrusi Alexander Kovalevsky alichapisha kazi iliyobadili mambo. Hakuanza na mnyama aliyekomaa. Aliliangalia yai likigawanyika chini ya hadubini, hatua kwa hatua, akakuta linatoa kiluwiluwi.

Jibu la kijana wako limo humo. Notokodi ya tunikata iko utotoni, na mnyama mliyemchana alikwishaipoteza siku alipojibandika kwenye mashua.

Mchukue Ciona, tunikata aliyechunguzwa pengine kuliko wenzake wote. Yai lake likirutubishwa katika maji ya nyuzi 18 za selsiasi, kiluwiluwi hutoka baada ya saa kama 18. Ana urefu wa milimita moja hivi na mwili wake wote una seli zipatazo 2,600. Ndani ya mkia kuna seli 40 tu zilizopangana mstari mmoja kama sarafu: hiyo ndiyo notokodi. Juu ya notokodi unapita ugwe wa neva ulio wazi katikati kama mrija. Ubavuni mwa notokodi kuna seli 36 za misuli, 18 kila upande, ambazo hukaza kwa zamu na kuupiga mkia kushoto na kulia. Mbele kuna ubongo mdogo wenye doa linalohisi mwanga na chembe nzito inayomjulisha juu ni wapi na chini ni wapi. Chora picha hiyo ubaoni, halafu kando yake mchore kiluwiluwi wa chura. Neva juu, notokodi chini yake, misuli pembeni, mkia nyuma ya matumbo. Mpangilio ni mmoja.

Kiluwiluwi huyu hali chochote, mdomo wake bado umefungwa. Kazi yake ni kutafuta mahali pa kukaa, na muda wake ni wa saa chache hadi siku chache. Akipata jiwe, mzizi wa mkoko, nguzo ya gati au ubao wa mashua, hujibandika kwa kutanguliza kichwa, akishikwa na vinundu vitatu vyenye gundi. Kisha mkia unavutwa ndani ya mwili. Seli za notokodi na za misuli ya mkia zinavunjwavunjwa, sehemu kubwa ya ubongo wa utotoni nayo inakwenda, na viungo vilivyobaki vinageuka mpaka mdomo unaelekea juu. Wapo tunikata wachache wasiofanya hivyo: Oikopleura huelea baharini na mkia wake maisha yote, notokodi ikiwa mahali pake.

Hata hivyo kijana wako angeweza kuuona ukodata katika kifuko kilekile, kama angejua pa kutazama. Tundu la juu ni la kuingizia maji na la pembeni ni la kuyatoa. Ukikata vazi la nje kwa uangalifu na kulivua, utakuta mfuko mwembamba wenye misuli, na ndani yake kitu kama kapu la wavu linalojaza karibu nafasi yote. Kapu hilo ni koromeo. Limetobolewa mianya mingi midogo, na kila mwanya umezungukwa na vinyweleo vinavyosukuma maji. Wakodata wote, kwa kipindi fulani cha maisha, huwa na mianya hiyo au angalau vifuko vyake. Kwa samaki huwa njia ya matamvua. Kwa mimba ya binadamu vifuko hivyo hutokea na kubadilika kuwa vitu vingine, kimojawapo ni mfereji unaounganisha koo na sikio la kati.

Sasa tazama upande mmoja wa kapu, kuanzia karibu na mdomo kushuka hadi chini. Utaona mstari mweupe, mfano wa mtaro. Huo unaitwa endostaili, na kwangu mimi ndicho kiungo kizuri kuliko vyote katika mnyama huyu. Endostaili hutoa ute unaotandazwa juu ya kapu kama chandarua. Vijimea na chembe zilizomo majini hunasa kwenye ute, kisha ute na chakula huviringishwa pamoja na kumezwa. Lakini baadhi ya seli za mtaro huo hufanya kazi nyingine pia: hukamata ayodini, yale tunayoyaita madini joto, na kuyaunganisha na protini. Amfioksasi naye ana endostaili inayofanya hivyo. Mtoto wa lampri, samaki asiye na taya, huanza maisha akiwa na endostaili ya kuchujia chakula, na anapokomaa endostaili hiyohiyo hugeuka tezi ya thairoidi. Kwa hiyo unapowafundisha wanafunzi kwa nini watu wa nyanda za juu waliokosa madini joto waliota rovu, na kwa nini chumvi yetu huongezwa madini hayo, unazungumzia kiungo ambacho undugu wake umeushika mkononi pale ufukweni.

Vingine vya tunikata nitavipitia haraka. Vazi lake lina selulosi, kitu tulichozoea kukihesabu kuwa cha mimea. Jeni ya kuitengeneza ilitoka kwa bakteria zamani sana na kubaki katika ukoo huu. Moyo wake husukuma damu upande mmoja kwa muda, ukasimama, kisha ukaisukuma upande wa pili. Baadhi ya aina hukusanya madini ya vanadi katika seli za damu, jambo lililogunduliwa na Martin Henze mwaka 1911, na hadi leo faida yake kwa mnyama inajadiliwa. Tunikata wa mikoko ya Karibi, Ecteinascidia turbinata, ndiye aliyetupatia trabektedini, dawa ya baadhi ya saratani za tishu laini iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2007 na Marekani mwaka 2015.

Nije kwa amfioksasi. Huyu ni mnyama mwembamba, mweupe unaopenyeza mwanga, mwenye urefu wa sentimita 5 hivi, aliyechongoka pande zote mbili. Hukaa amejizika mchangani, mdomo umechungulia nje, akichuja maji. Peter Simon Pallas alipomweleza mwaka 1774 alimdhani konokono asiye na gamba. Leo, tukimtazama, tunashangaa ilikuwaje, kwa sababu amfioksasi aliyekomaa ni kama mchoro wa kitabu uliopewa uhai. Notokodi inaanzia ncha ya mbele, inapita mbele ya ubongo na kufika ncha ya mkia. Ndiyo maana kundi lake likaitwa Sefalokodata, wenye kodi mpaka kichwani. Juu yake upo ugwe wa neva, na ndani ya ugwe huo kuna vidoa vyeusi vinavyohisi mwanga kupitia mwili wenyewe. Misuli imegawanyika vipande vyenye umbo la herufi V, kimoja baada ya kingine. Wanafunzi wanavijua vipande hivyo: changu aliyeiva ukimgusa kwa kidole, nyama yake humeguka kwa mpango huo.

Notokodi ya amfioksasi si fimbo isiyo na uhai. Imeundwa na bamba zilizopangana, na ndani ya kila bamba kuna nyuzi za misuli, hivyo mnyama anaweza kubadili ugumu wake anapojipenyeza mchangani. Zaidi ya hapo, kwa kawaida tunafundisha kuwa neva huifuata misuli. Kwa huyu, seli za misuli zenyewe hurefusha mikia yake hadi kwenye ugwe wa neva kupokea amri. Moyo mmoja wa kusukuma damu hana. Mishipa kadhaa hujikaza kwa zamu, na damu haina rangi. Mianya ya koromeo kwa aliyekomaa hupita mia moja. Na akiwa mtoto, mdomo wake huota upande wa kushoto wa mwili. Ni mnyama adimu kwa macho ya watu wengi, lakini karibu na Xiamen, nchini China, wavuvi walikuwa wakimvua kwa tani kwa ajili ya kitoweo. S. F. Light aliueleza uvuvi huo katika jarida la Science mwaka 1923.

Ukiwaweka wawili hao mbele ya darasa na kuuliza nani anafanana na samaki, kila mkono utamnyooshea amfioksasi. Wataalamu nao walifikiri hivyo kwa zaidi ya miaka mia moja, na kitabu chako cha kwanza kimebeba fikra hiyo. Mwaka 2006 Frédéric Delsuc na wenzake walilinganisha jeni 146 za wanyama mbalimbali, wakapata jibu jingine: tunikata ndio walio karibu zaidi na wenye uti wa mgongo, na amfioksasi alijitenga mapema kuliko wote. Jenomu, yaani jumla ya urithi wote, ya amfioksasi wa Florida ilipochapishwa mwaka 2008, jibu likawa lilelile. Kwa hiyo fundisha tunikata.

Kuwaeleza kwa nini, watolee mfano wa ukoo. Ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja akahamia mbali akabadili lugha, mavazi na kazi. Binamu yao akabaki kijijini na mila za babu. Mgeni akimtafuta anayefanana na ndugu wa kwanza, atamwonyesha binamu. Amfioksasi amebaki na mambo mengi ya babu. Jeni zake za Hox, zile zinazopanga mwili toka mbele hadi nyuma, ni 15 na zimekaa mstari mmoja. Sisi tuna makundi manne ya jeni hizo, kwa kuwa jenomu ya mababu zetu ilijirudufu mara mbili. Ciona yeye amepoteza kadhaa, na zilizobaki zimetawanyika. Ukoo wake umebadilika kwa kasi, na kasi hiyo imeuficha ujirani wake nasi. Lakini kuna dalili za mwilini pia. Mwaka 2004 William Jeffery na wenzake walionyesha kwamba kiinitete cha tunikata kina seli zinazohama kutoka karibu na ugwe wa neva na kwenda kutoa rangi ya mwili, mfano wa zile ambazo kwetu hutengeneza rangi ya ngozi na sehemu kubwa ya mifupa ya uso. Kwa amfioksasi seli za namna hiyo hazijaonekana.

Hemikodata waondoe. Kile kijiti cha mbele kilichodhaniwa notokodi si notokodi, na jeni zinawaweka pamoja na viti vya pwani na majongoo bahari. Mianya ya koromeo wanayo kweli, na hilo linatuambia kwamba mianya hiyo ni ya kale kuliko notokodi.

Swali hukuliuliza, lakini najua utarudi pwani. Msianze na wembe. Wekeni kifuko kimoja katika bakuli la maji ya bahari, kivulini, msikiguse mpaka matundu yafunguke. Kisha dondosheni tone la rangi ya chakula karibu na tundu la juu kwa bomba dogo la dawa. Rangi itavutwa ndani na baada ya muda mfupi itatokea tundu la pembeni. Wanafunzi wakishaona hivyo, kapu la koromeo litakuwa na maana kwao mtakapolifungua. Mkitaka viluwiluwi, tafuteni wanyama wawili au zaidi wa aina moja wanaoishi mmojammoja: kila mmoja ana mayai na mbegu za kiume pamoja, lakini kwa Ciona na wengine wengi mbegu za mnyama hazirutubishi mayai yake mwenyewe. Changanyeni mayai ya mmoja na mbegu za mwingine katika maji safi ya bahari, na muwe na hadubini tayari asubuhi inayofuata, kwa sababu katika joto la Tanga hawatangoja saa 18.

Wale ambao hamkuwachana warudisheni palepale mlipowatoa, si ufukwe mwingine. Tunikata husafiri na mashua na meli, na aina ngeni ikishajibandika kwenye nguzo na kamba za bandari mpya, kuiondoa ni kazi ya miaka.