Maswali ya wasomaji: Ukataji wa almasi kubwa ya duara

SWALI: Ndugu wahariri, nimeletewa almasi mbili za duara nichague moja. Zote zina karati 3.02, rangi moja na usafi mmoja, na vyeti vya GIA (taasisi ya Marekani inayopima almasi) vinazipa zote daraja la juu kabisa la ukataji. Ya kwanza ina kipenyo cha milimita 9.28 hadi 9.32, kina 61.5% ya kipenyo, meza (uso bapa wa juu) 57%, pembe ya taji (sehemu ya juu inayozunguka meza) 34.5° na pembe ya chini (ya kitako) 40.8°. Ya pili ina kipenyo cha 9.16 hadi 9.20, kina 62.9%, meza 58%, taji 35.5° na chini 41.2°. Ya pili ni nafuu. Ikiwa daraja ni lilelile, nina sababu gani ya kulipa zaidi?

JIBU: Sababu ipo, na imo katika tarakimu ulizotuandikia. GIA ilianza kutoa daraja la ukataji kwa almasi za duara mwaka 2006, na daraja lake la juu ni lango pana. Linapitisha almasi zinazong'aa vizuri mno, na linapitisha pia zile zilizoachwa nzito kwa makusudi ili uzito usipotee kwenye gurudumu la kukatia. Daraja likusaidie kuondoa mawe mabaya. Kuchagua miongoni mwa yaliyobaki ni kazi ya pembe.

Nuru ikiingia kwenye almasi hugonga nyuso za kitako, yaani sehemu iliyo chini ya mshipi, ukingo mwembamba unaokizunguka kiuno cha jiwe. Pembe yake hupimwa kutoka kwenye mstari uliosimama wima juu ya uso unaogongwa: nuru ikiugonga kwa pembe inayozidi takriban 24.4°, yote hurudishwa ndani. Ikiwa chini ya hapo, sehemu yake kubwa hupenya na kutokea nyuma. Mkataji hodari hupanga taji na kitako ili nuru idunde mara mbili chini kisha irudi juu machoni. Ndiyo maana pembe hizi mbili husomwa pamoja. Taji likiinuka, kitako lazima kilale kidogo. Taji likilala, kitako kinaweza kuinuka kidogo. Marcel Tolkowsky, aliyechapisha hesabu zake mwaka 1919, alipata taji 34.5° na kitako 40.75° kwa meza ya 53%. Meza za siku hizi kwa kawaida ni pana kuliko hiyo, ila jozi ya pembe imebaki palepale. Sisi huanza kutafuta kwenye meza ya 54 hadi 58%, taji 34° hadi 35° na kitako 40.6° hadi 40.9°.

Almasi yako ya kwanza imo humo kabisa. Ya pili imeinuka pande zote mbili, juu na chini. Jozi ya namna hiyo huvujisha nuru, na mvujo hujitokeza kama pete iliyofifia chini ya ukingo wa meza. Kwenye jiwe la nusu karati pete hiyo ni nyembamba mno, jicho huipita bila kuiona. Kwenye jiwe lenye kipenyo cha milimita 9 kila uso ni mkubwa, na kasoro hukua pamoja nao.

Tena kuna suala la uzito. Piga hesabu hii: kipenyo cha wastani mara kipenyo, mara kina kwa milimita, mara 0.0061. Jibu hukaribia karati za almasi ya duara yenye mshipi wa kawaida. Kwa kina cha 61.5%, kipenyo cha milimita 9.18 ni cha jiwe la karati 2.90 hivi. Kwa hiyo ukiitazama kwa juu, almasi yako ya pili ina upana wa jiwe la 2.90, na uzito uliozidi umefichwa kwenye kina na kwenye mshipi, mahali usipopaona. Unafuu wake ulinganishe na bei ya jiwe la 2.90 lililokatwa vizuri. Ukiulinganisha na bei ya 3.02 utadhani umepata bahati.

Hata hivyo usikate shauri kwa cheti peke yake. Pembe zinazochapishwa ni wastani wa nyuso nane, kisha hukadiriwa: ya taji hadi nusu digrii iliyo karibu, ya kitako hadi 0.2°. Kitako cha 40.8° kinaweza kuwa na uso mmoja wa 40.5° na mwingine wa 41.1°, na cheti kisiseme neno. Omba picha ya ASET au ya Ideal-Scope, vifaa vya kutazamia vinavyoonyesha kwa rangi jinsi jiwe linavyorudisha au kuvujisha nuru, kwa kila jiwe. Kwenye ASET, nyekundu ni nuru kali inayotoka juu, kijani ni nuru hafifu ya pembeni, na buluu ni mahali panapotiwa kivuli na kichwa cha mtazamaji. Nyeupe, au nyeusi kutegemea mandharinyuma, ni mvujo. Unataka nyekundu nyingi iliyopangika, mishale minane ya buluu, kijani kidogo, na usione pete ya mvujo kuzunguka meza. Muuzaji wa jiwe la ukubwa huu asiyetaka kutoa picha hiyo amekupa jibu tayari.

SWALI: Nikiwa dukani bila kifaa chochote, nitazame nini?

JIBU: Kwanza jiwe lioshwe kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni, lisuguliwe kwa brashi laini upande wa chini, kisha likaushwe. Almasi hushika mafuta upesi, na utando mdogo tu wa mafuta kwenye kitako huharibu kudunda kwa nuru tuliyoeleza.

Kisha ondoka chini ya taa za duka. Taa ndogo kali zilizopangwa juu ya kaunta huimetesha karibu kila almasi, hata iliyokatwa ovyo. Sogea mahali penye nuru tulivu: karibu na dirisha lisiloingiza jua moja kwa moja, au chini ya kivuli cha kaunta. Shika jiwe kwa koleo, sentimita 25 hadi 30 kutoka machoni, meza ikikuelekea. Jiwe zuri hubaki jeupe na hai hapo. Lenye mvujo hugeuka kijivu katikati. Lilaze kidogo, digrii 10 hadi 15 kila upande. Ukiona duara jeupe lililofifia likijitokeza ndani ya meza, hilo ni pambizo la mshipi linaloakisika, wafanyabiashara huliita jicho la samaki, na maana yake kitako kimelala mno. Ukiona giza zito lililokaa katikati bila kuhama unapoligeuza, kitako kimekuwa kirefu mno. Giza linalohama ni jambo jema, kwa kuwa bila weusi unaopishana na weupe hakuna kumetameta.

Mwisho liweke katikati ya vidole viwili. Jiwe linalovuja huonyesha rangi ya ngozi kupitia meza, na hivyo ndivyo litakavyoonekana likivaliwa.

SWALI: Je, mioyo na mishale ni lazima kwa almasi kubwa?

JIBU: Si lazima. Mioyo minane ukitazama kwa chini na mishale minane ukitazama kwa juu, kwa kifaa maalumu, ni ushahidi kwamba nyuso zimepangwa kwa usahihi wa hali ya juu katika vipimo vyote vitatu. Ila usahihi si mwangaza: mkataji anaweza kurudia pembe mbaya mara nane kwa usahihi uleule. Pembe kwanza, picha ya nuru pili, mioyo tatu. Kinyume chake nacho kieleweke: alama ya juu ya ulinganifu kwenye cheti haihakikishi mioyo safi.

Jambo ambalo wanunuzi wa mawe makubwa hulisahau ni urefu wa nyuso za nusu za chini, yaani nyuso nyembamba za kitako zinazoanzia kwenye mshipi kuelekea ncha ya chini, ambao cheti huuandika kwa asilimia. Kwenye 75% mishale ni minene, na jiwe hutoa miale mipana, michache, yenye rangi nyingi. Kwenye 80% mishale hukonda na miale huwa mingi na midogo. Yote mawili ni sahihi. Kwa kuwa jiwe kubwa tayari lina nyuso kubwa, anayependa kumetameta kwa haraka achague karibu na 80%, na anayependa rangi za upinde wa mvua achague 75%. Ikizidi 85%, uso hugawanyika vipande vidogo mno na mchoro wa mishale huanza kupotea.

SWALI: Cheti kinaandika mshipi ni mwembamba sana hadi mnene kidogo. Nikatae?

JIBU: Usikatae kabla hujajua ni wapi. Chukua lupu ya kukuza mara 10, zungusha jiwe taratibu ukilitazama kwa ubavu, na utafute ule wembamba. Hatari yake ni kumeguka, hasa sonara anapokandamiza kucha za pete. Kama ni sehemu moja fupi, mwoneshe sonara kabla hajaanza kazi ili kucha isikae juu yake, au jiwe livalishwe pete yenye ukingo wa chuma unaolizunguka lote. Ukikuta mshipi umechongoka kama makali ya kisu mahali pengi, hilo rudisha.