Acheni kuandika "Mwanza" kwenye kisanduku cha utafutaji

Wadogo zangu wa maktaba, karibuni kazini. Nawapenda, ila kila kundi jipya likiingia narudia maneno yaleyale kuhusu kuwatafutia madaktari makala mpaka koo linakauka, kwa hiyo safari hii naandika.

1. Daktari akisimama kaunta akasema "nitafutie kitu kuhusu magonjwa ya zinaa na VVU", usiguse kibodi kwanza. Muulize ni wagonjwa gani, tiba ipi, ikilinganishwa na nini, na matokeo gani anayataka. Maswali hayo manne ndiyo PICO; mmeikariri chuoni, mkifika kaunta mnaivua mlangoni kama viatu.

2. Jina la mahali lisubiri. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie. Juzi kijana mmoja aliletewa swali zuri: kutibu magonjwa ya zinaa kunapunguza maambukizi mapya ya VVU katika jamii? Akafungua PubMed, ile hifadhidata ya makala za tiba, akapanga maneno yake vizuri tu, halafu akamalizia na AND Mwanza. Uzalendo, sawa. Ikaja ile makala ya jarida la Lancet ya 1995, jaribio la vijijini mkoani kwetu: vituo vya afya viliboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa, na maambukizi mapya ya VVU yakapungua kwa takriban asilimia 40. Akaichapa, akapanda nayo wodini anatabasamu. Daktari akaipitia muhtasari, akauliza, "Na Rakai?" Kijana akadhani anaulizwa habari za mtu.

Rakai iko Uganda, ng'ambo ya ziwa hilihili. Matokeo ya huko yalitoka 1999, jarida lilelile: watu walipewa antibiotiki majumbani, wenye dalili na wasio nazo, na VVU haikupungua. Masaka nako, hukohuko Uganda, 2003, haikupungua. Wataalamu wamezieleza tofauti hizo kwa mengi, likiwemo kwamba janga la Uganda lilikuwa limekomaa zaidi na afua zenyewe hazikufanana. Kuyapima hayo ni kazi ya daktari, lakini atayapimaje kama wewe umempelekea jaribio moja? Kijana angeanzia Cochrane, maktaba ya mapitio ya kimfumo yanayojumlisha tafiti zote za swali moja, angeyakuta majaribio hayo yamekusanywa, tena kwa dakika chache. Badala yake akashuka ngazi kuanza upya, na zamu imeshaisha.

3. Chujio la makala za bure msiliweke. Hinari, mpango wa WHO wa kuzifungulia taasisi za nchi maskini majarida ya kulipia, ipo tangu 2002, na Tanzania tumo kwenye kundi lisilolipa. Ukiniambia "haifunguki" nitakuuliza umeingilia wapi, na najua jibu: Google. Ingia kupitia Hinari yenyewe.

4. Alama za kunukuu huizuia PubMed kukutafutia MeSH, yaani istilahi sanifu za mada zinazobandikwa kwenye makala. Ziweke kwa makusudi, si kwa mazoea.

5. Hifadhi mkakati wako wa utafutaji, pamoja na tarehe. Daktari atarudi Ijumaa jioni, umeshabeba mkoba, akitaka "ile ile ya juzi". Na faili unalomtumia lipe jina la mwandishi na mwaka. "Download (7)" silifungui tena.