Namba za Kwenye Boksi na Konsoli Inayokufaa

Mwezi uliopita mpwa wangu alinijia na simu mkononi, akanionyesha konsoli (mashine za kuchezea magemu ya video) mbili za mtumba zilizokuwa zikiuzwa, moja Xbox One X na nyingine Xbox Series S, akaniuliza, "Anko, hii ya zamani ina teraflopsi 6 na hii mpya ina 4 tu. Si ni heri nichukue ya zamani?" Teraflopsi ni kipimo cha hesabu ambazo chipu inaweza kufanya kwa sekunde, teraflopsi moja ikiwa hesabu trilioni moja. Nilicheka kidogo, kwa sababu swali hilohilo lilinigharimu pesa mwaka 2009.

Wakati huo nilikuwa na chumba cha magemu mtaani Umoja, Nairobi, chenye PlayStation 2 mbili na televisheni za kichogo. Vijana walipanga sarafu zao za shilingi kumi juu ya televisheni, kila sarafu ikishika zamu ya mwenyewe, na ole wake aliyethubutu kuisogeza ya mwenzake. Nilipopata akiba ya kununua mashine ya tatu, muuzaji mmoja mjini alinifanyia hesabu fupi: "Mkubwa, prosesa ya hiyo yako ni megahezi 294, ya Xbox hii ni 733. Kumbukumbu megabaiti 32, hapa 64. Unataka nini tena?" Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa sikujiuliza ni nani angeicheza. Wateja wangu walikuja na memori kadi mfukoni zikiwa na ligi walizokwisha kuzianza, vidole vyao vilikuwa vimeizoea padi moja, na diski walizoazimana zilikuwa za PlayStation 2. Juu ya televisheni ya tatu hapakukaa sarafu.

Baadaye nilipoanza kusoma habari za mashine hizi niligundua kwamba sikuwa peke yangu. PlayStation 2, iliyotoka mwaka 2000, ilizidiwa nguvu na Xbox ya 2001, lakini iliuzwa zaidi ya milioni 150 ilhali Xbox ilifika kama milioni 24. Kabla ya hapo, Nintendo 64 ya 1996 ilikuwa na prosesa ya megahezi 93.75 dhidi ya takriban 34 za PlayStation ya kwanza, lakini katriji yake (kikasha cha gemu) kubwa kabisa ilibeba megabaiti 64, wakati CD ya mshindani ilibeba zaidi ya 600 na ilikuwa rahisi kuizalisha. Megahezi, kwa kweli, hupima tu chipu ya prosesa inapiga hatua milioni ngapi kwa sekunde. Hazisemi kila hatua inafanya kazi kiasi gani. Sega Mega Drive ilikuwa na megahezi 7.6 na Super Nintendo 3.58, na bado Super Nintendo ndiyo iliyoweza kuonyesha rangi nyingi zaidi kwenye skrini.

Hata nguvu iliyopo kweli inaweza kukaa bure. PlayStation 3 ya 2006 ilikuwa na chipu ya Cell, ambayo kwenye karatasi ilitisha, ila watengenezaji wa magemu walilazimika kuigawa kazi yao katika vichakataji (prosesa) vidogo kadhaa, na kumbukumbu yake iligawanywa mafungu mawili ya megabaiti 256, wakati Xbox 360 ilikuwa na 512 za pamoja. Magemu mengi yaliyotoka pande zote mbili miaka ile ya mwanzo yalikwenda vizuri zaidi kwenye 360.

Namba huaminika pale mashine zinapofanana tumboni. Mwaka 2013 PlayStation 4 na Xbox One zote zilitumia chipu za AMD za ukoo mmoja, moja ikiwa na teraflopsi 1.84 na nyingine 1.31, na tofauti ilionekana kwa macho: baadhi ya magemu yalionyeshwa kwa picha ya mistari 1080 upande mmoja na 720 au 900 upande wa pili. Lakini teraflopsi 6 za One X ya 2017 si za kulinganishwa moja kwa moja na 4 za Series S ya 2020, kwa kuwa chipu zao si za kizazi kimoja. Series S ina prosesa yenye kasi zaidi na hifadhi ya SSD (ya chipu, yenye kasi) badala ya diski ngumu inayozunguka, na inacheza magemu ya kizazi kipya ambayo One X haiwezi kuyafungua.

Basi nikamwambia achukue Series S? Hapana. Mashine hiyo haina mahali pa kutia diski, kwa hiyo kila gemu lazima lipakuliwe, na gemu moja kubwa linaweza kupita gigabaiti 100. Kwao nyumbani wanatumia bando za simu. Mtu mwenye intaneti ya faiba bila kikomo ningemshauri vingine, lakini kwa huyu kijana kitundu cha diski kina thamani kuliko teraflopsi yoyote, kwa kuwa diski huazimwa, hubadilishwa, na ukichoka nayo huuzwa. (Diski nayo hudai masasisho, lakini si sawa na kuanza na sifuri.) Nikamuuliza rafiki zake wa plot wana nini. Watatu wana PlayStation 4, basi nikamshauri atafute hiyohiyo, ili waazimane diski.

Jambo jingine nililomsisitizia ni umeme. Mashine nyingi za mtumba hutoka Marekani, ambako umeme ni volti 120, na yetu ni 240. Niliwahi kuchomeka moja bila kusoma stika, nikasikia mlio mfupi na harufu ya plastiki. Kilichoandikwa 100–240 ni salama. Kilichoandikwa 120 peke yake kinahitaji transfoma.

Jumamosi tulikwenda naye Luthuli Avenue, barabara ya maduka ya elektroniki mjini. Muuzaji alipoanza kumtajia teraflopsi, kijana aliipindua PlayStation 4 moja chini juu na kumulika stika kwa tochi ya simu, kisha akaomba diski ya kuijaribu kabla hata ya kuuliza bei.