Kuuza nyumba huku bado mnaishi humo: hela ya rangi ipeleke kwengine

Mkuu umeuliza kama upake rangi nyumba nzima kabla dalali hajaanza kuleta wateja, na familia bado iko humo ndani. Mi ya kwangu Tabata niliiuza tukiwa tunakaa humohumo, na jibu langu ni hapana.

Mteja wa Dar akiingia anaangalia chini ya ukuta kwanza. Kama tofali zinavuta maji ya chini utaona ule unga mweupe wa chumvi na rangi inavimba mpaka inabanduka, sasa ukipaka juu juu inarudi tu, alafu ukuta mmoja kung'aa wenyewe ndo unamshtua mtu, kesho anakuja na fundi wake anagongagonga kila mahali. Sisi tulibandua plasta mbovu tukapiga upya, na kila mteja nikawa namwambia hapa palikuwa na chumvi tumefanya hivi na hivi. Aliyenunua hakuurudia tena huo ukuta. Jipsam yenye doa la maji nayo ni hivohivo, ziba bati kwanza.

Harufu sasa. We umeshaizoea huisikii, muite shemeji asiye na aibu aingie akwambie ukweli. Kwetu ilikuwa chemba ya maji machafu nyuma ya jiko, mfuniko umepasuka. Na usipulizie manukato nyumba nzima, mtu atajiuliza unaficha nini, we fungua madirisha tu na siku hiyo samaki asikaangwe.

Madumu na ndoo zilizojipanga bafuni ziondoe kabisa, mteja akiziona anajua huku maji hayatoki hata umwambieje. Jaza simtank ili akifungua bomba (na atafungua) maji yaje kwa nguvu. Makochi ya ziada na magodoro ya wageni peleka kwa ndugu, usiyasukumie stoo maana stoo wanafungua pia.

Dhahabu, laptop na hati fungia, dalali analeta watu humjui hata mmoja. Hati onyesha kopi, orijino mtolee yule mliyekubaliana bei na anayetaka kwenda kufanya search ardhi, yaani kuhakiki hati ni ya nani. Risiti za kodi ya ardhi weka karibu, kodi ya jengo haina maneno, tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, ukinunua umeme.

Alafu mkeo awepo. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya mwenza kwa nyumba ya ndoa na wanunuzi wanaijua hiyo, kuna mzee alimvizia wife jikoni, "mama mnahamia wapi?", kumbe anapima kama ana habari.

Dalali mwambie apige simu jioni ya kabla, sio akiwa getini na watu wanne huku watoto wanaoga uani. Akileta ubishi tafuta mwingine, hapa mjini hawakosekani.