Hilux kuukuu ya dizeli na trela ya kulala: kwanza pambana na chumvi

Huu ni mwaka wa tatu navuta trela ya kulala kwa pikapu ya Toyota Hilux ya 1996, kutoka Bombolulu, Mombasa, hadi Wundanyi kule Taita kwa mamangu, na mara mbili nimefika nayo Mtito Andei. Kila nikisimama kituo cha mafuta huja mtu akazunguka gari, akatazama boneti, akaniuliza: "Bwana, injini hii inaweza kweli?" Inaweza. Ni ile iitwayo 3L (jina tu, si lita tatu), cc 2,779, haina tabo ya kuisukumia hewa, nguvu zake ni farasi kama 90 tu, na inaweza. Dizeli ya zamani haishindwi kuvuta. Hushindwa kupoa, na hushindwa kusimama. Gari lililoishi Mombasa huharibiwa katika yote mawili na kitu kimoja, nacho ni chumvi.

Hilo nililijua kwa kuumia. Trela niliinunua Nyali kwa jamaa aliyekuwa anahama, ilikuwa imekaa chini ya mwarobaini miaka. Nikaipeleka Hilux gereji, nikamweleza fundi kwamba nataka kupanda nayo hadi Taita. Alibadilisha oili na filta zote, akakaza fenibelti, akaosha injini ikang'aa, akanipa ufunguo. Kilima cha Changamwe tulikipanda vizuri. Tulipofika Mazeras mshale wa joto ukaanza kutembea. Mke wangu ndiye aliyeuona, akaniambia, nami nikasema ni jua tu. Mariakani tulisimama dakika ishirini, mshale ukarudi, tukaondoka. Tulipofika mahali paitwapo Maji ya Chumvi, mvuke ukawa unatoka kila pembe ya boneti. Saa saba mchana, watoto wawili ndani, malori na mabasi yanapita na kuitikisa trela kila yanapopita. Tulikaa pale hadi alasiri.

Siku ya pili nilitoa grili na kuchuchumaa mbele ya rejeta. Kati ya ile mirija ya maji huwa kuna vibati vyembamba vilivyokunjwakunjwa, navyo ndivyo vinavyokabidhi joto kwa upepo. Nilivipitishia kidole. Vikamomonyoka kama majivu ya karatasi, vikabaki kwenye kucha unga wa kijani na mweupe. Nusu ya chini yote ilikuwa hivyo. Mirija ilikuwa mizima, haivuji hata tone, ndiyo maana hakuna aliyeshuku. Gari likiwa tupu mjini, nusu ya juu ilitosha. Lilipofungwa trela, haikutosha.

Kwa hiyo la kwanza kabisa, kabla ya ndoano ya kuvutia trela, kabla ya springi, ni kidole chako kwenye rejeta. Kitumie mbele na nyuma, hasa chini. Vibati vikivunjika, usiipeleke kuzibuliwa, haina faida. Tia kiini kipya au nunua rejeta nzima. Mimi nilipata ya shaba nzito kwenye maduka ya spea Mwembe Tayari na sijajuta.

Ndani nako kuna chumvi yake. Hapa pwani tumezoea kujaza rejeta kwa maji ya kisima, na visima vingi vya kisiwani na Kisauni maji yake unayaonja ulimini. Chumvi ile inakula chuma cha injini na kuacha ugaga kwenye mirija. Nilipofungua bomba la chini la gari langu, maji yalitoka rangi ya chai ya rangi. Safisha mfumo mpaka maji yatoke meupe, kisha tia kulanti (dawa ya kupozea injini) nusu na maji yasiyo na madini nusu, yale yanayouzwa kwa kuongezea betri (si asidi, angalia kibandiko vizuri). Na kifuniko cha rejeta kibadilishe pamoja nayo. Watu hukidharau, lakini presha inayozuiwa na kifuniko hicho ndiyo inayofanya maji yasichemke yakifika nyuzi 100. Lastiki yake ikifa, maji yanachemka mapema na kumwagika.

Sasa thamostati, ile valvu inayowafungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta yakishapata moto. Fundi wengi wa huku huitoa na kuitupa, wakiamini mji ni wa joto hivyo haina kazi. Kwangu nilikuta pameachwa tundu wazi. Kwenye injini nyingi za dizeli thamostati ina kisahani cha pili kwa chini, ambacho huziba njia ya mkato maji yakishapata moto. Ukiitoa, njia ile inabaki wazi, na sehemu ya maji inazunguka injini bila kupita kwenye rejeta. Bila mzigo hutaona tofauti. Mlimani utaiona. Irudishe, na kabla ya kuifunga itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni uyachemshe taratibu: utaiona ikifunguka mbele ya macho yako. Isipofunguka, umeokoa gasketi ya silinda hedi.

Feni nayo ina klachi yake yenye mafuta mazito ndani. Zima injini ikiwa ya moto, kisha uizungushe feni kwa mkono. Ikizunguka ovyo kama pangaboi lililokatika umeme, mafuta yamekwisha. Inapaswa kukugomea kidogo. Halafu tazama kama ile kava ya plastiki inayoizunguka feni bado ipo. Magari mengi ya zamani yameitoa siku fulani ya matengenezo na haikurudishwa, na bila hiyo feni inavuta upepo kutoka pembeni badala ya kuupitisha kwenye rejeta.

Kuna ushauri mmoja utaupewa nami nakuomba uukatae: kufunguliwa skrubu ya pampu ya dizeli ili gari "lipate nguvu". Litapata, na litatoa moshi mweusi hadi Voi. Moshi ule ni dizeli isiyoungua yote, na joto linalozidi linaenda kwenye pistoni na kwenye hedi, mahali usipopataka. Afadhali utoe nozeli, zile zinazonyunyiza dizeli ndani ya injini, zikapimwe kwenye mashine, ubadilishe zile zinazodondosha badala ya kunyunyiza. Mimi nilibadilisha mbili na gari likawa jepesi kuliko skrubu yoyote. Taimingi belti, kama huna uhakika ilibadilishwa lini, ibadilishe. Toyota hizi hupewa kilomita 100,000, na ikikatika valvu zinagonga pistoni.

Nakuja kwenye breki, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kosa nililolifanya nililifanya nikidhani natengeneza.

Trela ilikuwa inaikandamiza Hilux nyuma, taa za mbele zinamulika minazi. Nikaongeza jani moja la springi kila upande. Gari likakaa sawa, nikafurahi. Lakini safari iliyofuata, kushuka kutoka Wundanyi kuja Mwatate, breki zilikuwa na harufu kona ya tatu tu, na pedali ikawa inazama. Niliegesha, nikangoja, nikashuka kwa gia ya pili mpaka chini nikiwa nimeloa jasho. Mzee mmoja fundi wa Changamwe ndiye aliyenionyesha. Alilala chini ya gari, akaniita nilale pembeni yake, akashika mkono wa chuma ulioungwa kati ya chasi na ekseli ya nyuma. Juu yake kuna kidude cha breki. Kazi yake ni kupima mzigo: gari likibeba, chasi inashuka, mkono unasogea, kidude kinaruhusu presha zaidi ya breki iende nyuma. "Sasa wewe umeinua gari," akaniambia. "Yeye huku anajua halina kitu." Ikawa magurudumu ya mbele yanafanya kazi ya manne. Mkono ule hurekebishwa kwa nati mbili. Nao pia hushikwa na kutu mpaka usisogee kabisa, kwa hiyo uutie mafuta, uutikise, uhakikishe unatembea.

Maji ya breki hunyonya unyevu wa hewani, na hewa yetu ni ya unyevu mwaka mzima. Yakishanyonya, yanachemka mapema na pedali inakuwa laini kama sifongo. Yabadilishe yote kila miaka miwili hata kama yanaonekana masafi. Paipu za chuma za breki zifuate kwa mkono kutoka mbele hadi nyuma. Pale zinaposhikiliwa na klipu ndipo kutu hujificha.

Trela yenyewe lazima iwe na breki zake. Ulaya kikomo cha trela isiyo na breki ni kilo 750, na mimi nimekifanya kuwa kikomo changu. Yangu ina zile za kusukumwa: ukifunga breki, trela inaisukuma ndoano, chuma cha kuteleza kwenye mkono wa trela kinarudi nyuma na kuvuta waya, waya unafunga breki za magurudumu. Nilipoinunua, chuma kile cha kuteleza kilikuwa kimegandamana kwa kutu. Trela ilikuwa na breki za jina tu. Grisi, waya mpya, lainingi mpya za breki, na ile kamba nyembamba ya usalama inayozifunga breki trela ikichomoka, basi.

Uzito usiuamini ulioandikwa kwenye kibao. Kibao changu kilisema kilo 900. Niliipeleka trela kwenye mizani ya yadi ya vyuma chakavu Miritini ikiwa na magodoro, jiko, mtungi wa gesi, na tangi la maji limejaa: 1,180. Lita moja ya maji ni kilo moja, na tangi langu ni lita 80. Siku hizi najaza maji nikishafika. Kisha pima uzito unaokalia mpira wa ndoano, kwa ule mzani wa kupimia watu. Weka gogo juu yake, ushushe mkono wa trela pale. Unatafuta karibu sehemu ya kumi ya uzito wote, bila kuvuka kile ambacho ndoano na gari vinaruhusu. Mimi mara ya kwanza nilipata kilo 40, kwa sababu tairi la akiba na mitungi vyote vilikuwa mkiani. Trela yenye mkia mzito huyumba, na kuyumba huko kunaanza kidogo kidogo basi likikupita, kisha gari zima linafuata. Nilihamisha vitu mbele ya ekseli mpaka nikafika 110. Kuyumba kukaisha.

Baa ya ndoano ifungwe kwa boliti na pleti pana, isichomelewe tu. Kabla hata ya kutoboa, chukua nyundo ndogo uigonge chasi pale itakapofungwa. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti ya bati na maganda yanadondoka. Kwangu upande wa kulia ulikuwa umeoza kiasi cha kiganja, ukakatwa na kuungwa chuma kipya. Mpira nao una saizi: kuna wa milimita 50, na kuna wa inchi mbili, yaani 50.8. Kwa macho ni mmoja. Wa 50 kwenye kikombe cha inchi mbili unacheza, kwa hiyo soma namba iliyochongwa juu yake.

Nyaya: plagi ya pini saba, na asilimia kubwa ya matatizo ya taa ni waya mweupe wa athi (wa kurudishia umeme) ulioota kijani. Ukiwasha indiketa na taa zote zikacheza pamoja, anzia hapo. Trela ina namba yake ya usajili inayoanza na Z, usitoke bila hiyo.

Matairi ya trela huonekana mapya daima, kwa sababu hayaliki. Huoza kwa jua. Tafuta tarakimu nne za mwisho ubavuni: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016, na tairi la namna hiyo mimi silitii barabarani hata likiwa na meno yote.

Njiani natembea 70, nikizidi sana 80. Kilimani gia ya nne, kwa sababu ya tano imetengenezwa kwa tambarare na gari jepesi. Injini ikianza kunguruma kwa uzito, ya tatu mapema, kabla haijalemewa. Trela ikianza kuyumba, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani wima, usikanyage breki kwa ghafla. Kwa wanaokwenda Diani, tangu barabara ya Dongo Kundu ifunguke nimeacha kupita feri na trela. Pale kwenye ngazi ya kupandia, mkia wangu mrefu ulikuwa unakwaruza chuma kila safari.

Mariakani nasimama siku zote, hata mambo yakiwa shwari. Nashuka, nazunguka, nagusa habu ya kila gurudumu kwa mgongo wa mkono, la gari na la trela. Vuguvugu ni sawa. Safari ya mwezi wa nne, la kushoto la trela lilikuwa la moto kiasi cha kuutoa mkono haraka, na mengine yote yalikuwa vuguvugu tu. Beringi ilikuwa imekauka grisi. Nilikuwa na nyingine kwenye sanduku, na ile kopo ya grisi, na jeki. Mwanangu mkubwa alinishikia tochi ingawa ilikuwa mchana, kwa sababu ndani ya drami hapaonekani. Baada ya muda wa saa moja na nusu tukawa barabarani, na Wundanyi tulifika kabla ya magharibi.