Barua ya wizi wa nyimbo ikikufikia, usianze na mwanao

Mwaka 2006, tukiishi Columbus, Ohio, tulipata barua kutoka kwa mawakili wa kampuni moja ya muziki. Ilidai kuna mtu amegawa mamia ya nyimbo kupitia intaneti ya nyumbani kwetu. Tulipe dola elfu tatu na ushee yaishe, au twende mahakamani. Sheria ya Marekani inaruhusu fidia ya dola 750 hadi 150,000 kwa kila wimbo, basi piga hesabu mwenyewe.

Kosa nililofanya linaniuma mpaka leo. Nilimwita mwanangu wa miaka 15, nikamsimamisha sebuleni, barua mkononi. Akakana. Sikumsadiki. Kompyuta nikaifungia kabatini, naye kwa wiki mbili akawa ananijibu "ndiyo, baba", "hapana, baba", basi.

Kumbe namba ya intaneti iliyo kwenye barua hizo haimtaji mtu. Inaonyesha tu ni akaunti ipi iliyokuwa na namba hiyo kwa dakika ile, na namba zenyewe huhama kutoka mteja hadi mteja. Wakili wa msaada wa kisheria alifungua ukurasa wa pili, akaweka kidole kwenye saa: 03:12 GMT. Kwetu hiyo ilikuwa saa 5:12 usiku. Kampuni yetu ya intaneti, ilipotafuta namba hiyo ilikuwa ya nani, iliangalia saa 9:12 usiku, kana kwamba 03:12 ile ni majira ya Ohio. Kati ya saa hizo umeme ulikatika, na uliporudi modemu yetu ikapewa namba mpya. Ndiyo hiyo iliyokuwa kwenye barua! Saa 5:12 ilikuwa bado ya mteja mwingine.

Waliokumbwa ni wengi. Chama cha kampuni za muziki, RIAA, kilianza kwa kuwashtaki watu 261 Septemba 2003, na hadi kilipotangaza kuacha mwishoni mwa 2008 walikuwa wamefika kama 35,000. Mama mmoja wa miaka 66 huko Massachusetts alishtakiwa kwa kugawa nyimbo za rap kwa programu ya Kazaa, ilhali kompyuta yake ya Macintosh haikuweza hata kuiendesha. Kesi ikaondolewa. Huko West Virginia alishtakiwa bibi wa miaka 83 ambaye alikuwa ameshafariki.

Kwa hiyo usiitupe barua. Hati ya mahakama ukiipuuza, hukumu itatoka bila wewe. Katika mahakama za shirikisho leo una siku 21 za kujibu. Usiipigie ile namba ya malipo iliyo kwenye barua ukaanza kujieleza. Usifute kitu kwenye kompyuta, utaonekana unaficha ushahidi. Tafuta wakili, na muulize kwanza saa iliyoandikwa ni ya majira gani. Ruta nayo, kile kifaa cha Wi-Fi, iwekee nywila, mtu wa nje asitumie intaneti yako.

Kesi yetu ilifutwa kwa karatasi moja iliyokuja kwa posta. Nilimpa mwanangu aifungue yeye, nikamwomba msamaha palepale sebuleni, mama yake akisikia.