Kabla Hujailaumu Rangi, Nyoosha Chambo

Wiki iliyopita niliandikiwa na msomaji anayeishi Nashville, mtu wa Kigoma, akilalamika kwamba ametumia dola 60 kununua chambo cha plastiki cha kila rangi iliyokuwapo dukani, ameketi kando ya maji Jumamosi tatu mfululizo, na krapi hata hawajamgusa. Aliambatisha picha. Sikuhitaji kuusoma ujumbe wake hadi mwisho, kwa maana picha ile ilinirudisha kwenye aibu yangu mwenyewe ya mwaka juzi: chambo kilikuwa kimejikunja kwenye ndoano kama funza aliyeguswa na jivu la moto, ncha imetokea ubavuni, na mkia umetazama kando.

Kaka, rangi haina kosa hapo. Umekivisha upande.

Kwa msomaji asiyemjua, krapi ni samaki wa maji baridi wa Amerika Kaskazini, bapa, mwenye madoa meusi, ambaye ukimwona kwa mbali unaweza kumdhania sato mchanga. Wako wa aina mbili, mweupe na mweusi, na njia ya hakika ya kuwatenganisha ni kuhesabu miiba ya pezi la mgongoni: mweupe huwa na mitano au sita, mweusi saba au minane. Nyama yake ni nyeupe na laini, na ikikaangwa na ndimu na pilipili, watu wa nyumbani kwangu hawamkumbuki sangara.

Mimi ni mtoto wa Ukerewe. Baba yangu alitega migonzo ya sangara, zile kamba ndefu zenye ndoano nyingi, maisha yake yote, na nilipokuwa na umri wa miaka tisa alinifundisha kumtia furu, samaki mdogo wa chambo, kwenye ndoano: unachomeka mgongoni, chini kidogo ya pezi, juu ya uti, ili aendelee kuogelea usiku kucha. Kwa hiyo mfanyakazi mwenzangu hapa Kentucky aliponialika kwenda kuvua krapi, nilijiona nimealikwa kucheza na watoto. Nilitamba kazini wiki nzima. Nilisema, na ninayakumbuka maneno yenyewe, kwamba samaki asiyefika kilo moja hawezi kumsumbua mtu aliyezaliwa kwenye mtumbwi.

Tulikwenda Kentucky Lake, lile ziwa la kutengenezwa lililotokana na bwawa la mto Tennessee lililokamilika mwaka 1944. Kutoka Louisville ni mwendo wa zaidi ya saa tatu kwa gari, ingawa njiani unavuka mpaka wa majira na saa yako inarudi nyuma kwa saa moja, jambo lililonifurahisha kuliko yote yaliyotokea siku ile. Hadi saa sita mchana mwenzangu alikuwa ameingiza samaki 12 kwenye ndoo. Mimi niliguswa mara mbili tu. Mara zote mbili nilivuta kwa nguvu za sangara, na mara zote mbili mshipi ulirudi mtupu, kwa sababu ngozi ya mdomo wa krapi ni nyembamba kama karatasi na huchanika ukimvuta kwa hasira.

Kilichoniuma si kukosa samaki. Mtu huyo alikuwa ameketi hatua mbili kutoka nilipo, akikiona chambo changu kikizunguka majini na mshipi wangu ukijisokota, na hakusema neno. Jumatatu, wakati wa chakula cha mchana, ndipo aliposema, tena mbele ya watu wote, akiuliza iwapo wavuvi wa Afrika huwavua samaki kwa kuwachekesha. Nilicheka pamoja nao. Nilipofika nyumbani sikula.

Usiku ule nilijaza maji kwenye beseni la kuogea, nikafunga chambo vilevile nilivyokifunga ziwani, nikakivuta polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni na mswaki mdomoni. Akasema, “Baba, samaki wako anazunguka kama feni.” Mtoto wa miaka sita aliliona kwa sekunde moja. Samaki mdogo aliye hai hazunguki kama feni, na krapi, ambaye siku zote anakula samaki wadogo walio hai, analijua hilo kuliko sisi.

Sasa niseme jinsi ninavyofanya. Ndoano ninazotumia ni zile zenye kichwa cha madini ya risasi, ambazo wavuvi wa hapa huziita jigi, na chambo ni cha plastiki laini chenye urefu wa inchi mbili, yaani sentimita tano hivi. Kabla ya kuchoma chochote, laza ndoano kando ya chambo, kichwa cha risasi kikiwa mbele ya pua, utazame mahali ambapo mpindo wa ndoano unaishia. Weka alama hapo kwa ukucha. Hapo ndipo ncha itakapotokea, wala si nusu sentimita mbele au nyuma. Chambo vingi vina mshono mwembamba wa kalibu unaopita mgongoni na tumboni. Ufuate mshono huo kama fundi cherehani anavyofuata chaki. Ingiza ncha katikati kabisa ya pua, kisha usiisukume ndoano: ishikilie imara na uivishe plastiki kidogo kidogo, kama unavyomvisha soksi mtoto aliyelala, hadi ufike kwenye alama yako, ndipo uitoe ncha mgongoni, juu ya mshono. Malizia kwa kukisukuma chambo hadi kigusane na risasi na kipite kile kijino cha shingoni kinachokizuia kisirudi nyuma. Mimi huongeza tone moja la supaglu hapo shingoni, kwa sababu krapi mara nyingi hung'ata mkia na kuuvuta, na chambo kilichoteleza nusu sentimita tayari kimepinda.

Kikitoka kimepinda, kivue uanze upya. Kikipinda mara ya pili, kitupe, kwa sababu tundu limeshapanuka na hakitashika tena. Najua inauma kukitupa. Nami nilizaliwa katika nyumba ambayo ndoano iliyovunjika ilinolewa ikawa sindano. Hata hivyo, Jumamosi nzima ina thamani kuliko plastiki ya senti chache.

Kuhusu uzito wa jigi, ninatumia wakia moja ya kumi na sita, karibu gramu mbili. Upepo ukiwa mkali ninapanda hadi moja ya nane. Mengine utayajua mwenyewe.

Fundo nalo lina lake. Baada ya kufunga, chambo kikining'inia kwenye mshipi kinapaswa kulala sawasawa na maji, kama samaki aliyetulia. Kikiinamisha mkia, sogeza fundo kwa ukucha juu ya tundu la ndoano hadi kilale. Kila baada ya samaki mmoja au kugonga kisiki, fundo huhama, na ndiyo maana utaniona nikilisogeza muda wote kama mtu anayehesabu tasbihi.

Halafu kuna suala la kina. Macho ya krapi yamekaa juu ya kichwa na humwezesha kuona kilicho juu yake kwa urahisi kuliko kilicho chini, kwa hiyo ni afadhali chambo kipite futi moja juu yake kuliko kipite chini ya tumbo lake. Mwezi Aprili, maji yanapofikia nyuzi 16 hadi 18 za Selsiasi, husogea kwenye kina kifupi kutaga, na hapo hata mtu wa ufukweni asiye na mashua hupata kitoweo. Wenyeji husema muda huo umefika wakati maua ya mti wa dogwood yanapochanua. Usisahau leseni, kwa Kentucky mwaka wake huanza tarehe 1 Machi, na aliyenunua Januari hujikuta amelipia wiki chache tu.

Wengi wetu tunapofika nchi hii tunadhani kwamba tulichokijua nyumbani ama kinatosha kwa kila kitu, ama hakifai kwa lolote. Mimi nilianza na la kwanza, na baada ya aibu ile nikaangukia la pili kwa miezi minane. Ilinichukua muda kukumbuka kwamba baba hakunifundisha sangara. Alinifundisha kumfunga furu aonekane hai. Vijana, mnanunua rangi mpya kila wiki, na mikono yenu haijatulia hata dakika mbili juu ya ndoano moja. Mnatafuta siri dukani. Hata krapi mweupe mkubwa kuliko wote katika kumbukumbu, yule wa pauni 5 na wakia 3 aliyevuliwa Enid, Mississippi, mwaka 1957, hakumuuliza mtu bei ya chambo.

Aprili hii tulirudi ziwani, mimi na mwenzangu yule yule, katika mashua ile ile. Kufikia saa nne asubuhi nilikuwa na samaki tisa naye ana watatu. Chambo vyake, kwa kuwa hatumii gundi, vilikuwa vimeteleza na kukunjamana shingoni. Sikusema neno, na sijivunii sana hilo. Baada ya muda alinyoosha mkono, akachukua chambo kimoja kilichokwisha kuvishwa kutoka kwenye kopo langu, bila kuomba, akakifunga kwenye mshipi wake. Kilikuwa cha rangi ile ile ya chambo alichokuwa akitumia.